Kabla ya kukopa mashine ya kukatia chuma, piga hesabu ya mkato mmoja

Mbaazi na mahindi yakipata soko, chuma nacho hutembea wilayani Babati. Mkulima wa Galapo, Magugu au Dareda aliyeuza vizuri huweka grili dirishani, hubadili mlango wa mbao kwa wa chuma, au hupeleka plau na mkokoteni kutengenezwa. Sehemu ya fedha hiyo huishia kwa fundi wa kuchomelea, ambaye mara nyingi karakana yake ni ua wa nyumba anayoishi.

Ni katika kipindi hicho cha neema ndipo fundi huyo hushawishika kununua mashine kubwa ya kukatia chuma, na pengine kwa mkopo. Maoni ya safu hii ni kwamba kwa karakana nyingi za nyumbani uamuzi huo huja mapema mno. Fundi anayeanza anunue kwanza jiliwa imara na msumeno wa mkono wenye bledi bora, kisha grainda ndogo yenye kinga yake. Mashine kubwa ingoje mpaka daftari la kazi litakaposema kuwa inahitajika.

Sababu ya kusema hivyo ni hesabu, na hesabu yenyewe inaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye kalamu.

MISUMENO MINNE

Anayeingia sokoni kutafuta kifaa cha kukatia chuma ana njia kuu nne. Ya kwanza ni msumeno wa mkono, ambao mafundi huuita haksoo. Bledi yake ya kawaida ina urefu wa inchi 12, yaani milimita 300, na fremu yake haili umeme wala haina mota ya kuungua.

Ya pili ni grainda ya mkono. Iko ndogo ya jiwe la inchi 4 na nusu au inchi 5, na iko kubwa ya inchi 9. Ya tatu ni mashine ya kukatia inayowekwa chini au juu ya meza, yenye jiwe la inchi 14 ambalo hushushwa kwa mpini juu ya chuma kilichobanwa. Hii ndiyo inayowavutia vijana wengi, kwa vile mteja akipita barabarani huiona na kuisikia.

Ya nne ni msumeno wa mkanda, wenye bledi iliyounganishwa ncha kwa ncha na kuzunguka juu ya magurudumu mawili. Huko Ulaya na Marekani ule mdogo hupendwa sana katika karakana za nyumbani, kwa kuwa hukata polepole, hauna cheche nyingi, na fundi huweza kufanya kazi nyingine wakati wenyewe unakata. Lakini bledi ya ule mdogo wa kawaida huwa na urefu wa inchi 64 na nusu. Kabla ya kuuagiza, fundi wa Babati aulize kwanza kama bledi ya kipimo hicho inapatikana mjini hapa, au angalau Arusha, umbali wa kilomita zipatazo 170. Mashine isiyo na kipuri madukani ni chuma chakavu kinachosubiri siku yake.

Isisahaulike kwamba wapo wanaoishi kwa chuma bila msumeno wowote. Wahunzi wa Kidatoga katika Bonde la Eyasi hukata chuma kikiwa chekundu kwa moto kwa kutumia tindo, na mafundi wa Kamukunji, Nairobi, wamejipatia sifa Afrika Mashariki nzima kwa bidhaa za bati ambazo silaha yake kubwa ni nyundo na tindo. Ufundi hauanzi na mota.

HESABU YA MKATO MMOJA

Wengi hulinganisha vifaa hivi kwa bei ya dukani. Bei ya dukani hulipwa mara moja tu. Kinachomla fundi kila siku ni bledi, jiwe na muda. Kwa hiyo kipimo kinachofaa ni gharama ya mkato mmoja.

Tuchukue mfano. Bei zinazofuata ni za kufanyia hesabu tu, na msomaji aweke mahali pake bei halisi ya duka analonunulia. Tuseme kazi ni kukata bomba la pembe nne la milimita 40 kwa 40, lenye unene wa milimita 1.5. Tuseme pia kwamba dakika moja ya fundi ina thamani ya sh. 30, yaani sh. 14,400 kwa siku ya saa 8.

Kwa haksoo, bledi ya sh. 3,000 ikikata mara 60 kabla ya kutupwa, kila mkato umekula sh. 50 za bledi. Mkato ukichukua dakika 3, muda ni sh. 90. Jumla ni sh. 140.

Kwa grainda ndogo, jiwe jembamba la sh. 1,500 likikata mara 25, kila mkato umekula sh. 60 za jiwe. Muda wa dakika moja pamoja na kupima ni sh. 30. Jumla ni sh. 90.

Kwa mashine ya inchi 14, jiwe la sh. 7,500 likikata mara 150, kila mkato umekula sh. 50. Muda wa nusu dakika ni sh. 15. Jumla ni sh. 65.

Umeme tumeuacha nje kwa kuwa ni kidogo. Mashine yenye nguvu ya wati 2,000 ikitumika nusu dakika kwa kila mkato hufikisha mikato 60 kabla ya kumaliza uniti moja ya umeme.

Mpaka hapo mashine kubwa imeshinda, na muuzaji wake ataishia hapo. Lakini hesabu haijakamilika, kwani mtaji lazima urudi. Grainda ikinunuliwa kwa sh. 120,000, na kila mkato ukiokoa sh. 50 ukilinganisha na haksoo, fedha yake itarudi baada ya mikato 2,400. Mashine ya inchi 14 ikinunuliwa kwa sh. 400,000, na kila mkato ukiokoa sh. 25 tu ukilinganisha na grainda, fedha yake itarudi baada ya mikato 16,000.

Sasa tutafsiri tarakimu hizo kwa lugha ya karakana. Tuseme grili moja ya dirisha ina mikato 20. Fundi anayetengeneza madirisha 2 kwa wiki hukata mara 40. Kwake yeye grainda itajilipa baada ya wiki 60, na mashine kubwa baada ya wiki 400, ambazo ni karibu miaka 8. Ni fundi gani atakayeahidi kwamba mota ya bei nafuu itafika miaka 8 bila kuunguza koili zake? Kwa upande mwingine, karakana inayotoa madirisha 10 kwa wiki itarudisha fedha ya mashine hiyo kwa wiki 80, na hapo ununuzi una maana.

Wapo watakaouliza kwa nini mashine kubwa isilinganishwe moja kwa moja na haksoo. Jibu ni kwamba mchomeleaji atanunua grainda kwa vyovyote vile, maana ndiyo inayosawazisha maungio baada ya kuchomelea na kuondoa kutu kabla ya rangi. Mashine ya inchi 14 inajua kazi moja tu. Grainda ikiwa tayari imo ndani, mashine kubwa lazima ijipime nayo.

DAKIKA YA MSIMU NA DAKIKA YA UKAME

Katika hesabu hiyo mna jambo linalowahusu zaidi wenyeji wa wilaya ya wakulima. Tuliipa dakika ya fundi thamani ya sh. 30. Lakini dakika huwa na bei pale tu kazi nyingine inapoisubiri. Fundi mwenye foleni ya wateja akipoteza dakika 3 kwa mkato amepoteza fedha. Fundi aliyekaa siku mbili bila mteja hapotezi chochote.

Ondoa thamani ya muda katika mfano wetu, uone mambo yanavyogeuka. Haksoo hubaki na sh. 50 kwa mkato, mashine kubwa sh. 50, na grainda sh. 60. Katika miezi ya ukame wa fedha, kifaa cha mkono ambacho vijana hukidharau kinalingana na mashine ya laki nne, tena bila deni na bila umeme.

Na ukame wa fedha si jambo la kubuni. Agosti 2017 India, ambayo ndiyo mnunuzi mkuu wa mbaazi zetu, iliweka ukomo wa kiasi cha mbaazi kinachoruhusiwa kuingia nchini humo, na bei kwa mkulima wa Tanzania ikaporomoka. Amri iliyotolewa New Delhi ilifika hadi kwenye ua wa fundi wa Babati, kwa vile mkulima asiyeuza haagizi grili. Barabara ya lami kutoka Dodoma kupitia Kondoa, iliyozinduliwa mwaka 2018, imerahisisha biashara ya mji huu, lakini haijafuta utegemezi wake kwa mavuno.

DENI HALINA MSIMU

Mapato ya fundi hufuata mavuno, ilhali marejesho ya mkopo hufuata kalenda. Humo ndimo mafundi wengi huzama.

Turudi kwenye mfano. Mkopo wa sh. 400,000 kwa miezi 6, wenye riba ya asilimia 10 kila mwezi juu ya mkopo wote, huzaa riba ya sh. 240,000. Mashine iliyokuwa ya sh. 400,000 sasa imekuwa ya sh. 640,000, na mikato ya kuirudisha imepanda kutoka 16,000 hadi 25,600. Fundi wa madirisha 2 kwa wiki hatafika huko hata akiishi na mashine hiyo miaka 12. Mikopo ambayo wananchi wenyewe wameibatiza jina la kausha damu haikupewa jina hilo kwa mzaha.

Anayehitaji kukopa ana njia bora zaidi. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mafundi watano wakikata mara 40 kila mmoja kwa wiki, kwa pamoja wana mikato 200, yaani kiwango kile kile cha karakana kubwa. Mashine isiyomlipa mmoja inaweza kuwalipa watano, ili mradi wawe na daftari la pamoja na wakubaliane tangu mwanzo nani ananunua mawe na nani anatengeneza ikiharibika.

Ipo pia njia isiyohitaji mkopo wowote. Mwenye oda kubwa aulize duka analonunulia mabomba kama wanaweza kumkatia vipande, kisha alinganishe malipo yao na gharama yake. Kwa oda ya mara moja kwa mwaka, kulipia mkato ni nafuu kuliko kumiliki jiwe.

KUCHAGUA BLEDI NA JIWE

Fedha iliyookolewa kwenye mashine iende kwenye bledi, maana hapo ndipo ubora unapojilipa haraka. Bledi nafuu ya chuma cha kawaida huisha meno upesi, na iliyokaushwa sana huvunjika ikipinda. Ile ya metali mbili ina meno ya chuma kigumu cha kasi yaliyounganishwa na mgongo unaonyumbulika. Bei yake ni ya juu, lakini mnunuzi alinganishe kwa mikato.

Idadi ya meno nayo ina kazi yake. Bledi yenye meno 18 kwa inchi inafaa nondo na vyuma vizito vilivyojaa. Yenye meno 24 inafaa pembe za chuma na fletibaa za unene wa kati. Yenye meno 32 ni ya mabomba membamba na bati. Kanuni ni kwamba walau meno 3 yaguse chuma kwa wakati mmoja. Yakiwa machache, chuma hujipachika katikati ya meno na kuyang'oa. Kwa bomba jembamba sana msumeno ulazwe kidogo ili meno mengi zaidi yaguse. Meno yaelekee mbele, bledi ikazwe barabara, na mwendo uwe wa misukumo 40 hadi 50 kwa dakika kwa urefu wote wa bledi. Anayesugua katikati tu ameilipia bledi nzima na kutumia nusu.

Haya yote hayana faida bila jiliwa. Chuma kinachotikisika huvunja bledi kuliko chuma kigumu. Jiliwa ndiyo iwe ya kwanza kununuliwa, kisha msumeno.

Haksoo ina mipaka yake. Springi ya lori, ambayo mafundi hupenda kuitengenezea mapanga na majembe, imekaushwa kiasi kwamba inaweza kumaliza meno ya bledi kabla haijakatika. Hapo grainda haina mpinzani. Kinyume chake, alumini hugandamana kwenye jiwe la kukatia chuma na kuliziba, nayo ni afadhali ikatwe kwa meno. Hali kadhalika bomba lililopakwa zinki likikatwa kwa jiwe hutoa moshi unaoweza kumletea fundi homa, jambo ambalo msumeno wa mkono haulisababishi.

Kwa upande wa mawe, mnunuzi asome maandishi kabla ya kulipa. Jiwe la inchi 4 na nusu kwa kawaida huandikwa kikomo cha mizunguko 13,300 kwa dakika, la inchi 9 mizunguko 6,600, na la inchi 14 mizunguko ipatayo 4,300. Grainda ndogo huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Fundi anayeng'oa kinga ya grainda ndogo ili afunge jiwe la inchi 9 ameliendesha jiwe hilo kwa kasi inayozidi sana kikomo chake, na likipasuka halichagui pa kwenda. Bledi ya kukatia mbao isifungwe kabisa kwenye grainda.

Tazama pia pete ya chuma iliyo katikati ya jiwe. Watengenezaji makini huchapa hapo mwezi na mwaka wa kuisha muda wake, kwa kawaida miaka 3 tangu lilipotengenezwa, kwani gundi inayoshikilia mchanga wake huchoka, hasa likihifadhiwa penye unyevu. Jiwe lisilo na kikomo cha mizunguko wala tarehe ni la kuacha hata likiuzwa kwa nusu bei.

Sokoni zipo pia bledi za inchi 14 zenye meno magumu ya kukatia chuma bila cheche nyingi. Hizo zimetengenezewa mashine za mwendo wa mizunguko ipatayo 1,300 hadi 1,500. Mashine za mawe huzunguka karibu mara 3,800. Ukubwa ukilingana usidanganyike. Kufunga bledi hiyo kwenye mashine ya mawe ni kuhatarisha maisha.

GHARAMA ISIYOANDIKWA

Karakana ya nyumbani ina jambo moja ambalo karakana ya mtaa wa viwanda haina: watoto, magodoro na majirani. Cheche za mashine ya inchi 14 husafiri mita kadhaa, na uani kwa mtu pana majani makavu, magunia na pengine mafuta ya taa. Isitoshe, mashine ya wati 2,200 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 10 ikikata, na zaidi ya hapo inapoanza. Waya mwembamba wa kuunganishia uliokusudiwa kwa redio na taa utapata moto. Anayenunua mashine hiyo aongeze katika bei yake waya mnene, soketi imara, miwani, kinga ya masikio na kizuizi cha cheche. Akiona nyongeza hiyo inamshinda, basi na mashine yenyewe imemshinda.

Haisemwi hapa kwamba mashine kubwa ni mbaya. Karakana yenye oda za shule au za nyumba nyingi kwa mpigo, yenye wasaidizi wanaolipwa kwa siku, itapoteza fedha ikiendelea na haksoo. Kinachopingwa ni kununua kwa macho ya mpita njia badala ya daftari. Fundi aandike kwa wiki 8 mfululizo idadi ya mikato yake. Wastani ukipita 200 kwa wiki, na wiki za ukame zikiwemo, aende dukani na fedha yake. Usipofika 100, abaki na grainda. Walio kati ya hapo watafute wenzao wa kushirikiana nao.

Vyombo vya umma vina sehemu yake. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, zote zinahudumia mkoa huu kutoka mjini Babati. Kijana anayefundishwa kuchomelea afundishwe pia hesabu ya mkato mmoja kabla ya kukabidhiwa cheti, na SIDO isaidie vikundi kumiliki mashine kwa pamoja. TBS na Tume ya Ushindani nazo ziyakague mawe ya kukatia kwa uzito ule ule zinaoupa bidhaa za chakula, kwani jiwe bovu hujeruhi kwa sekunde moja.

Kwa mwenye fedha kidogo leo, orodha ni fupi: jiliwa, fremu imara ya haksoo, bledi za metali mbili za meno 24 na 32, miwani, halafu grainda ya inchi 4 na nusu yenye kinga. Inayobaki aiweke akiba ya kununulia chuma, kwa sababu mteja wa msimu ujao atalipa dirisha lililokamilika, wala hatauliza lilikatwa kwa mashine gani.